Uwanja wa ndege wa Bole kwa msafiri anayetoka Lubumbashi

Msafiri wa Lubumbashi anayekwenda Dubai au Guangzhou kwa Ethiopian Airlines hushuka Bole, mjini Addis Ababa, takriban kilomita 2,600 kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na mara nyingi hufika jioni ili apande ndege nyingine usiku uleule. Nitauhukumu uwanja huo kama mahali pa kuunganishia safari, kwa kuwa ndivyo watu wetu wanavyoutumia, na wengi wao ni kina mama wa biashara kutoka Kenya na Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, ambao haja yao kubwa ni kufika salama pamoja na mizigo yao. Kwa haja hiyo naupa nyota nne kati ya tano, bila kusita, mradi tiketi iwe imenunuliwa kwa uangalifu.

Uangalifu wenyewe ni kuhesabu muda ulio kati ya ndege mbili. Ndege za shirika hilo zimepangwa kwa mawimbi: zile zinazotoka kusini na magharibi mwa Afrika hutua kwa kufuatana, kisha karibu na usiku wa manane zinaondoka zile za Asia, za nchi za Kiarabu na za Ulaya, kwa hiyo ukumbi uliokuwa na nafasi tele mchana hufurika watu ndani ya muda mfupi. Upanuzi wa Jengo la 2 uliozinduliwa Januari 2019 uliufanya uwanja uweze kupokea abiria milioni 22 kwa mwaka, na nafuu yake inaonekana wazi, lakini wimbi la usiku bado ni wimbi. Abiria wa kuunganisha hupita tena kwenye ukaguzi, ambako mshipi, simu na kompyuta huwekwa kwenye trei. Muda wa saa moja na nusu, hata kama wakala anaukubali, mimi siupendekezi kwa mtu mzima anayetembea polepole au mama mwenye watoto. Saa tatu zinatosha kupita bila kukimbia na hata kula kidogo.

Kabla ya kuondoka Luano, soma karatasi ya mzigo inayobandikwa kwenye sanduku: iwe imeandikwa CAN kwa Guangzhou au DXB kwa Dubai. Ikiwa imeandikwa ADD, mzigo wako utaishia Addis Ababa, na ni rahisi zaidi kurekebisha jambo hilo ukiwa bado mbele ya kaunta. Kitabu cha chanjo ya homa ya manjano kikae mkononi pamoja na pasipoti. Kwa anayelazimika kungoja zaidi ya saa nane kwa sababu hakuna ndege ya mapema zaidi, shirika lina utaratibu wa kumpa hoteli na chakula, lakini masharti hutegemea aina ya tiketi, na ni vema kuyaulizia siku ya kununua.

Jambo ninalolipenda sana Bole ni kahawa. Inatayarishwa kwa utaratibu wa Kiethiopia: buni hukaangwa hadi moshi wake uenee, kahawa huchemshwa katika jebena, birika jeusi la udongo lenye shingo nyembamba, kisha humiminwa kutoka juu katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Ni nzito, na humwamsha hata aliyechoka kabisa. Inafaa pia kwa baridi, maana Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka kwetu katika joto la Oktoba akiwa na shati jepesi atajuta kuacha koti ndani ya sanduku.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya lugha. Matangazo na maelekezo ni hasa ya Kiamhari na Kiingereza, ilhali mji huu ndio makao makuu ya Umoja wa Afrika, ambao mwaka 2022 uliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Mama anayejua Kiswahili na Kifaransa hulazimika kufuata namba za milango kwenye skrini, na mlango unaweza kubadilishwa. Aitazame skrini mara kwa mara, na asitegemee sauti ya kipaza.

Ethiopia imepanga uwanja mpya karibu na Bishoftu, takriban kilomita 40 kutoka mjini, utakaopokea abiria milioni 60 katika awamu ya kwanza. Eneo hilo liko chini kuliko Bole kwa mamia ya mita, na hewa yake nzito zaidi itaziwezesha ndege kuruka na mafuta na mizigo mingi zaidi. Maelekezo ya uwanja huo bado hayajabandikwa ukutani, na huu ndio wakati wa kudai Kiswahili kiwemo.