Sare za wawili: kitenge kwanza, vikombe mwisho

Kama wewe na mwenzako mnataka sare na mko hapa Kisumu, nunueni kitenge. Vingine vyote vinafuata kwa mbali. Hata mkinuniana wiki nzima, kila mmoja anabaki na nguo ya kuvaa.

Pisi moja ni yadi sita. Hapo unapata shati la mikono mifupi na gauni la kawaida, na fundi asipokuwa mchoyo, kilemba pia. Nenda Kibuye Jumapili, soko likiwa limefurika na unaweza kulinganisha bila haraka. Geuza kitambaa: nyuma ikiwa imepauka kuliko mbele, kimechapwa upande mmoja, achana nacho. Lowesha hanki nyeupe kidogo, sugua pembeni. Ikitoka na rangi, nguo zako nyingine zitaona cha mtema kuni kwenye beseni. Nunua chote siku hiyo hiyo, maana mzigo unaofuata huenda ukaja na bluu nyingine. Ukifika nyumbani, loweka, anika, halafu ndipo upeleke kwa fundi. Kama ni cha kurudi na kuwa kifupi, kirudi kabla hakijawa gauni.

Na michoro ikiwa na juu na chini, mwambie fundi mapema, tena uongeze kitambaa. Mimi nilinyamaza. Kwenye gauni la mke wangu ndege wanapaa, mgongoni kwangu wanaanguka kichwa chini. Shemeji zangu bado wananiuliza kama wameshatua.

Nafasi ya pili ni pete. Fedha halisi hupigwa alama 925, dhahabu ya karati 9 ni 375, ya karati 18 ni 750. Zile za shaba ni rahisi, lakini jasho likizipata zinakuachia kidole kijani. Za tungsten, ile metali ngumu sana, hazitanuliwi, kwa hiyo pima kidole jioni ya joto, si asubuhi.

Akala za shanga ni za tatu: zinavumilia tope na hazina makuu.

Tisheti za majina? Za sherehe moja. Kwenye pamba maandishi mara nyingi huwa yamegandishwa juu tu, basi zigeuze ndani nje kabla ya kupiga pasi.

Vikombe viwili vyenye nusu moyo kila kimoja ni vya mwisho kabisa. Stiliwaya inakwangua picha polepole. Changu kimebaki na herufi mbili, na sasa kinashika miswaki.