Winchester 94 iliyobadilishwa kalibri: tamu mkononi, ngumu kulisha

Jambo yenu bandugu! Leo sichambui simu wala betri ya sola. Tazameni meza. Eeeh! Winchester 94, bunduki ya kuwindia. Niko Kampemba, barazani kwa mzee mmoja wa hapa Lushi, yaani Lubumbashi, mwindaji mwenye karatasi zake zote, ila hataki uso wake uonekane. Mzee, wapungie mkono. Aksanti, baba. Na wewe uliyeanza kuandika huko chini: bunduki ni tupu, tumeangalia mimi na mzee, na hizi nyekundu ni risasi bandia za plastiki.

Mambo ya uzito na urefu sitayagusa, mmeiona kwenye filamu za makauboi tangu utoto. Kilichonileta ni kwamba hii ilizaliwa na kalibri, yaani saizi ya risasi, ya .30-30, leo inakula .38-55. Mzee alipokuwa akiishi Liège, Ubelgiji, fundi wa bunduki aliutoa mtutu wa zamani akafunga mwingine. Watu husikia hivyo wakadhani bunduki imetiwa damu ngeni. Wapi! Winchester ya 1894 ilianza na .38-55 na .32-40. Ile .30-30 ilikuja 1895, ikatokana na ganda hilo hilo la .38-55, likabanwa shingo. Kitako cha ganda hakikubadilika. Kwa hiyo hapa mtoto amerudi kula kwa mama yake.

Majina yake ndiyo yananiudhi. Kwenye .38-55, hiyo 55 ni greni, kipimo kidogo cha uzito, za baruti nyeusi. Kwenye .30-30, 30 ya pili ni greni za baruti isiyo na moshi. Na hiyo 38 yenyewe si inchi 0.38 kamili! Kichwa cha risasi kina upana wa inchi 0.377 hivi. Nani aliwapa hesabu hawa?

Tuache. Njooni karibu, hapa ndipo nilipopendea. Sogea na simu, sogea tena. Unaona kimlango hiki ubavuni, upande wa kulia? Nasukuma risasi kwa kidole gumba, ya kwanza... tii, imeingia. Ya pili inaisukuma ya kwanza mbele kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Ya tatu. Sasa wenzo, nyamazeni msikie: krrr-tak! Chini, juu, risasi imepanda yenyewe, imeingia. Tena: krrr-ta... aaah! Imempiga mshika kamera! Pole, ndugu yangu. Hizi za zamani, za kabla ya miaka ya 1980, hutupa ganda juu moja kwa moja. Ndiyo maana kufunga darubini juu yake ni shida. Mshindani wake, bunduki ya Marlin 336, hutupa kando, paa lake limefunikwa, darubini inakaa vizuri, nakubali. Lakini sauti hii Marlin haina. Subiri nirudie. Krrr-tak! Mzee anacheka, anasema nimekuwa mtoto. Mara ya mwisho, naapa. Krrr-tak!

Sasa ona ndani ya bomba risasi zinavyokaa: pua ya hii inagusa fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni, ya ile iliyo mbele yake. Ukiweka risasi yenye ncha kali, bunduki ikipiga teke, ncha inaweza kugonga fataki na bomba zima likalipuka mkononi mwako. Ndiyo maana risasi za hapa pua zake ni bapa. Hornady, watengeneza risasi, wanatengeneza zenye ncha laini kama mpira, na bunduki ya Browning BLR ilikwepa jambo hilo kwa kutumia magazini ya kisanduku. Kuna kaka mmoja wa chaneli nyingine alisema pua bapa ni ushamba. Kaka, ushamba ni kukosa vidole.

Jambo la pili, na hapa sitanii. Mwaka 1978 Winchester walitoa risasi ya .375, ganda lake linafanana sana na la .38-55, fupi kidogo tu. Itaingia humu bila kubisha. Lakini shinikizo lake ni zaidi ya mara moja na nusu! Ndiyo maana mtutu mpya lazima uandikwe kalibri yake mpya, na bunduki ipimwe tena. Ona hapa, herufi ELG ndani ya duara la yai, taji juu: muhuri wa nyumba ya kupimia bunduki ya Liège. Na bunduki hii ilibuniwa na John Browning, Mmarekani, ambaye alifia huko huko Liège mwaka 1926, akiwa kazini kwenye kiwanda cha bunduki cha FN. Tuseme mtutu umebadilishwa nyumbani kwa babu.

Bei? Mzee anasema kazi ile ilimmeza karibu bei ya bunduki nyingine nzima. Na risasi? .30-30 wawindaji wengi wanaijua. .38-55 mzee anazihesabu kama shanga, kumi na saba zimebaki. Mimi mwanzo niliwaza kwamba ningekuwa na ya .30-30 ningeibadilisha, sasa... sijui. Krrr-tak ile ilikuwepo hata kwenye .30-30, sivyo, mzee? Anaitikia kwa kichwa. Baba, ungeniambia kabla sijawasha kamera!

Jumapili nina jiko la makaa lenye feni, niliahidi tangu mwezi jana, umeme ukikubali. Haya, mzee ananyoosha mkono, anaitaka bunduki yake. Shika, baba.