Kaunta buku ya kurasa 288: nyota nne kutoka kwa sajini mstaafu

Nimenunua kaunta buku kadhaa za jalada gumu jeusi lenye kona nyekundu, katika duka moja la vifaa vya ofisi River Road, Nairobi. Shilingi 380 kila moja. Tangu nistaafu polisi nasimamia walinzi wa maghala, na kila lango lina daftari lake la zamu.

Kilichonifanya nizichukue ni ushonaji. Fungua katikati, vuta ukurasa taratibu, utaona uzi. Zile za gundi tupu huanza kumwaga karatasi kabla hazijafika nusu, na karatasi ikishachomoka kwenye daftari la zamu huwa imebeba kesi. Anayekuhoji hatakuuliza habari za gundi. Atataka kujua ukurasa wa saa nane usiku uko wapi na nani aliung'oa.

Mtasema mzee anakuza mambo ya madaftari. Lakini mimi nimelinda seli usiku, funguo kiunoni, na askari yeyote wa seli anajua kwamba mahabusu akitoroka, mshukiwa wa kwanza ni yeye aliyebaki. Tazameni Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kutoroka kwenyewe, kifungu cha 123, ni kosa dogo. Kumsaidia mtu atoroke, kifungu cha 124, ni kosa kubwa lenye kifungo cha hadi miaka saba. Kwa hiyo aliyefungua mlango anaweza kulala ndani muda mrefu kuliko aliyepita mlangoni. Na kama hukusaidia, ila uliacha kazi yako makusudi, kinakungoja kifungu cha 128, kinachomhusu mtumishi wa umma anayepuuza wajibu wake. Hicho kina huruma kidogo: hakimdai mtumishi akabiliane na hatari inayozidi ile ambayo mtu wa ujasiri wa kawaida angeikabili. Sawa, lakini kuhesabu vichwa na kutikisa kufuli kunahitaji ujasiri gani?

Kumbukeni kituo cha polisi cha Gigiri, Nairobi, Agosti 20, 2024. Askari walipeleka kifungua kinywa alfajiri wakakuta watu 13 hawapo: raia 12 wa Eritrea pamoja na mtuhumiwa wa mauaji ya wanawake ambao miili yao ilikutwa kwenye jaa la taka la Kware, Nairobi. Waya wa mahali pa kuotea jua ulikuwa umekatwa. Wakuu wa polisi walitamka mapema kwamba wanashuku msaada kutoka ndani, na maafisa wanane wakasimamishwa kazi. Mimi niliposoma habari ile nilijiuliza maswali ya kizee tu. Walihesabiwa mara ya mwisho saa ngapi? Nani alihesabu, na aliandika papo hapo au aliandika asubuhi baada ya kelele? Waya haukatwi kwa kufumba na kufumbua. Maandishi ya saa kwa saa ndiyo yanayoonyesha pengo lilikuwa refu kiasi gani, na mikononi mwa nani.

Gereza la Kamiti nako, Novemba 2021, wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka na wakapatikana Kitui siku chache baadaye. Hata kabla hawajapatikana, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameshamfuta kazi Kamishna Mkuu wa Magereza, na askari kadhaa wametiwa mbaroni. Ndivyo nilivyouona mpangilio wake: mkubwa hupoteza kiti, mdogo hupandishwa kizimbani.

Basi, daftari. Karatasi yake ni nzito ya kutosha, wino wa biro haupenyi upande wa pili. Mistari imeachana vizuri kwa mlinzi mwenye mwandiko mkubwa. Jalada limemwagiwa chai pale lango la pili na halikuvimba. Vijana wangu wanapendelea kutuma taarifa kwa WhatsApp, nami nawaruhusu, lakini ujumbe hufutwa na simu huibwa, kwa hiyo daftari linabaki palepale.

Nyota niliyoinyima ni ya nambari. Kurasa hazina nambari! Kitabu cha kumbukumbu kisicho na nambari kinakaribisha ujanja, maana ukurasa ukitoweka huna namna ya kujua. Mimi huziandika zote kwa mkono kabla daftari halijatoka ofisini, kisha natia sahihi ukurasa wa kwanza. Huwakataza pia kuruka mstari. Mstari mtupu saa kumi usiku hujazwa saa tatu asubuhi na mtu aliyeogopa. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, tia sahihi, endelea. Dawa ya kufutia sitaki kuiona langoni.

Wanauza pia ya kurasa 384. Iacheni. Ni nzito, na mgongo wake hulegea kabla hamjafika mwisho. Ukinunua kuanzia sita wanapunguza bei kidogo na kukuongezea biro za bure, ambazo zinakwaruza karatasi, kwa hiyo beba zako.