Daftari au kundi la WhatsApp: taarifa za mzazi mzee zikae wapi?

Mama yuko Tukuyu, watoto wametawanyika Mbeya mjini, Makambako na Dar es Salaam. Taarifa zake za matibabu ziandikwe kwenye daftari la nyumbani, au ziwekwe kwenye kundi la familia?

Kwa gharama hakuna mjadala: kaunta buku unanunua mara moja, bando halikomi.

Kwa uhakika, daftari linashinda panapotokea dharura. Jirani anayemkimbiza mama hospitali usiku hayumo kwenye kundi lenu, ila anaweza kubeba daftari lenye majina ya dawa, vipimo vya presha, mzio, kadi ya bima na namba ya NIDA (tarakimu 20, nani anazikariri?). Lakini likisahaulika kwenye benchi la Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, nakala hamna.

Hapo ndipo kundi linapotamba. Picha ya cheti cha dawa inawafikia wote papo hapo. Shida yake ni utunzaji: baada ya siku mbili cheti kimezama chini ya salamu za asubuhi na video za harusi. Na namba ya siri ya benki ya mama isiwekwe humo, hata mkiaminiana vipi.

Mzazi anaishi na mjukuu asiye na simu janja? Daftari. Wote mko mbali na mnachangia matibabu? Kundi, mradi mmoja wenu apewe kazi ya kulipanga. Mwenye presha na sukari pamoja, mimi ningeandika daftarini, kisha kila baada ya kliniki ukurasa upigwe picha na kutumwa.