Mafunzo ya kuponya majeraha ya moyo: somo la msiba ndilo lenye uzito

Mafunzo ya faraja makanisani yako mengi, na sehemu kubwa ni mahubiri yaliyokatwa vipande. Haya ya kuponya majeraha ya moyo ni ya aina nyingine. Yaliandikwa kwa ajili ya makanisa ya Afrika yaliyokuwa na waumini waliopitia vita. Waandishi wake ni Margaret Hill, Harriet Hill, Richard Baggé na Pat Miersma, na kitabu kilitolewa na wachapishaji Paulines, Nairobi, mwaka 2004. Siku hizi vyama vya Biblia na makanisa huyaendesha katika nchi na lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Kundi zuri ni la watu 6 hadi 12 na wawezeshaji 2, wote wamekaa duara. Kila somo huanza na hadithi, kisha maswali, Biblia na zoezi. Litengee saa moja na nusu, ikibidi mbili.

Somo la kufiwa huchora safari ya vijiji vitatu: kijiji cha kukana na hasira, kijiji cha kukosa matumaini, na kijiji cha mwanzo mpya. Kati ya cha kwanza na cha tatu limechorwa daraja la uongo, njia ya mkato ya kuruka kilio. Msibani kwetu daraja hilo lina maneno yake: "Kazi ya Mungu haina makosa", "Jikaze, watoto wanakuangalia", "Bwana ametoa, Bwana ametwaa". Haya ya mwisho aliyasema Ayubu mwenyewe, mfiwa. Hakuambiwa na jirani aliyekuja na kilo mbili za sukari. Somo linaeleza pia kwamba mtu aliyekwisha kufika kijiji cha tatu anaweza kurudi cha pili siku ya kumbukumbu ya marehemu, na kwamba hiyo si imani haba.

Kusikilizana hufanywa wawili wawili kwa maswali matatu: Ilikuwaje? Ulijisikiaje? Kipi kilikuwa kigumu zaidi kwako? Swali la tatu ndilo watu hulivuka, ama kwa haraka ama kwa kudhani jibu wanalijua. Mjane anaweza kukwambia kwamba kilichomuuma kuliko kifo ni shemeji kuulizia hati ya kiwanja kabla ya arobaini.

Kilele ni kuandika maombolezo, na kielelezo ni Zaburi 13. Ina aya 6 tu, na "hata lini" imo mara 4 kabla ombi lolote halijatamkwa. Maombolezo yana sehemu kadhaa: kumwita Mungu, kukumbuka aliyotenda, kulalamika, kukiri au kudai kutokuwa na hatia, kuomba, kutamka tumaini. Si lazima zote ziwepo wala zifuatane hivyo. Isiyokosekana ni lalamiko. Hapo ndipo mafunzo haya yanapoyashinda mengine: tumaini la Zaburi hiyo ("Nami nimezitumainia fadhili zako") linakuja aya ya 5, baada ya mtu kusema yake yote. Wape watu dakika 30 na mahali pa kujitenga. Asiyependa kuandika atunge wimbo au aseme kwa mdomo. Kosa la kawaida ni mwezeshaji kusahihisha, "Usimwambie Mungu hivyo." Akishasema hivyo mara moja, karatasi zote zilizobaki zitajaa sifa na shukrani.

Baadaye huja somo la kupeleka maumivu msalabani: kila mmoja anaandika maumivu yake, karatasi zinawekwa msalabani, kisha zinachomwa nje. Hazisomwi na yeyote, na hilo litamkwe mapema. Tumia karatasi za daftari na sufuria pana kuukuu. Karatasi zilizokunjwa mara nne huungua pembeni tu, na hakuna anayetaka kuona jina la mwanawe likibaki linasomeka kwenye majivu.

Udhaifu upo. Makanisa mengine hubana masomo yote katika Jumamosi moja, na watu hurudi nyumbani kidonda kikiwa wazi. Vilevile mafunzo haya si tiba ya hospitali: asiyelala wiki nzima au anayesema afadhali afe, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na mtu wa kufuatana naye. Na siri za kundi zikitoka kwenye duara, hata kwa sura ya "tumwombee fulani", kundi limekwisha.

Usianze wiki ya mazishi. Subiri turubai likunjwe na wageni waondoke. Tishu ziwekwe katikati ya duara, kila mtu ajichukulie. Ukimnyooshea mtu anayelia, mara nyingi ataelewa kwamba anatakiwa anyamaze.