Kugawa au Lucas-Lehmer: kuikagua 2147483647

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Je, ni tasa?

Ukiigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine, hupumui hadi upite 46337, namba tasa ya mwisho iliyo chini ya kipeuo chake cha pili. Mwanahisabati Euler, mwaka 1772, aliipunguza kazi: kigawo chake chochote lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 62.

Lucas-Lehmer, jaribio la kukagua utasa bila kutafuta vigawo, huanza na 4: zidisha kwa yenyewe, toa 2, igawe kwa namba unayoikagua, shika baki. Rudia mara 29, yaani kipeo 31 kutoa 2. Ukiishia 0, ni tasa. Kwa namba ndogo 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, kutoa 1, marudio ni 3 tu na inaonekana upesi: 4, 14, 8, 0.

Mimi nachagua hii ya pili, ingawa ni ya namba za Mersenne tu (2 kwa kipeo fulani, kutoa 1), na ikikataa haikutajii kigawo hata kimoja. Kugawa, kwa uzito wake wote, hukutajia.