Pampu ya maji ya boila: nyota 4, na moja nimeinyima kwa sababu ya ute

Boila ya gesi ya kupasha nyumba joto hutoa maji machafu, mvuke wa moshi wake unapopoa. Kama maji hayo yanaweza kuteremka yenyewe hadi kwenye bomba la maji taka, usinunue pampu. Bomba la plastiki lenye mteremko wa milimita 45 kwa kila mita halina mota ya kuungua. Pampu ni ya nyumba zetu hizi za Uingereza ambazo boila iko chini ya ardhi, au katikati ya nyumba.

Kazi yenyewe inaimudu. Boila ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zote hutoa kama lita 2 za maji kwa saa. Maji yakijaa kwenye tangi dogo la pampu, boya hupanda, mota inaunguruma sekunde chache kisha inanyamaza. Maji hayo yana asidi, pH 3 hadi 5, kwa hiyo yapitishe kwenye plastiki tu. Shaba yataila.

Usizipuuze zile nyaya mbili za swichi ya tahadhari, inayohisi maji yakizidi tangini. Mafundi wengi huziacha zimekunjwa nyuma ya tangi. Fundi umeme aziunge kwenye mzunguko wa thamostati (kidhibiti joto cha boila), ili pampu ikifa boila nayo izime. Zisipoungwa, maji hufurika sakafuni au hurudi ndani ya boila, nayo huanza kugugumia kabla ya kujizima yenyewe. Kujaribu ni rahisi: chomoa pampu kwenye umeme, mimina maji tangini polepole. Boila isipozima, swichi haijaungwa.

Mpira wa kutolea maji una upana wa milimita 6 tu, kwa hiyo usiupitishe nje. Baridi ya usiku mmoja inatosha kuugandisha. Uelekeze kwenye bomba la sinki au la mashine ya kufulia. Pampu ikiwaka kila nusu dakika hali boila imezimwa, maji yanarudi kupitia vali ya kuyazuia yasirudi tangini: ifungue uisafishe.

Sasa ute. Kila mwaka tangi hujaa utando kama uji mwepesi, boya linanasa, na mota haiwaki tena. Safisha Septemba, kwa maji ya vuguvugu na brashi. Usitie jiki, maana ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Na hapa ndipo nyota ilipopotea: tangi halifunguki mpaka pampu nzima uitoe ukutani, na vibanio vya mfuniko ni vyembamba mno kwa kitu cha kufunguliwa kila mwaka.